Harufu ya Tango Lililokatwa

Katika maabara ya udongo palikuwa na kanuni moja ambayo hata mfagizi aliijua kwa moyo: kilichogusa udongo hakitoki mlangoni ila kwa kupitia tanuri, na atakayekitoa kibichi, yeye mwenyewe ndiye atakayekichoma, popote kitakapokuwa. Maneno hayo yaliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango. Mwoka udongo, mtu mzima aliyeitwa Babu Tanuri, aliyalinda kuliko alivyoilinda miwani yake, ambayo ilipotea kila siku.

"Hata mama yangu mzazi akiingia humu na tope miguuni," alizoea kusema, "nitamwamkia kwanza, kisha nitamwoka."

Mtafiti wa kuvu alikuwa amecheka mzaha huo kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hakupata kuivunja kanuni. Ndivyo alivyoamini. Mwaka huo bahati ilikuwa imemwangukia: katika udongo uliochotwa chini ya mti mkavu, kando ya barabara mpya, aliona kuvu ambayo haikuwamo katika kitabu chochote. Kuvu mpya haihesabiwi kuwa na jina mpaka maelezo yake yaandikwe na kuchapishwa, na maelezo hayo yalikuwa mezani pake, yamekaribia kwisha. *Nyuzi zake ni nyembamba, za rangi ya asali. Zikisagwa vidoleni hutoa harufu ya tango lililokatwa sasa hivi. Hula mizizi iliyokwisha kufa. Haina dhara kwa mmea ulio hai.*

Sentensi hiyo ya mwisho aliipima kwa miche kumi na miwili ya michungwa aliyopewa na baba yake. Sita aliipanda katika udongo wenye kuvu. Sita nyingine, ya kulinganishia, katika udongo uliookwa. Baada ya wiki kumi yote ilikuwa hai, na ile ya kuvu ilikuwa imenawiri kuliko ile mingine. Hapo baba yake, seremala mstaafu asiyependa kitu kipotee bure, akaidai.

"Niliazima, sikutoa sadaka," alisema kwenye simu. "Nirudishie hata nusu, mama."

Akamrudishia ile sita ya kulinganishia. Hakuipitisha tanurini, kwa kuwa mche uliookwa si mche tena, na udongo wake ulikuwa umeokwa kabla haujapandwa kitu. Hoja ilikuwa safi kama sahani iliyosuguliwa kwa jivu. Hata hivyo aliitoa saa ya chakula, Babu Tanuri alipokuwa akiitafuta miwani yake. Mwenye hoja safi hangojei mlinzi ageuke.

Miezi mitano ikapita. Jumatatu moja alikuta mche mmoja kati ya ile sita iliyobaki, wenye urefu wa shubiri tu, umetoa ua. Akafurahi, akamwita Babu Tanuri aje aone.

Mzee yule aliinama, akatazama, asicheke.

"Mtoto mchanga akiota ndevu, utampigia vigelegele?"

"Babu nawe! Umestawi, huoni?"

"Naona. Ngoma ikivuma sana, mwanangu, sikiliza ngozi yake."

Jumanne miche yote sita ilikuwa imechanua. Alhamisi yote ilikuwa imekufa. Alipouvuta mmoja, ulitoka bila kushindana naye. Mizizi ilimteleza vidoleni kama uzi uliooza, na harufu ya tango ikajaa chumba. Chini ya hadubini nyuzi za rangi ya asali zilikuwa ndani kabisa ya mizizi, mahali ambapo mmea hunywea maji. Kuvu haikungoja kifo. Ilikileta, na kabla ya kukileta ilikivika maua.

Aliikata sentensi ya mwisho kwa mstari mmoja. Kisha jicho lake likatua juu ya debe la kumwagilia. Lilikuwa debe moja. Miche yote kumi na miwili ilikaa juu ya meza moja, na kila asubuhi, kwa wiki kumi, mdomo wa debe hilo uligusa chungu hiki na kwenda kugusa kile.

Simu ikalia. Alikuwa baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Acha kila kitu, uje uone maajabu. Michungwa yote imechanua, na msimu bado miezi minne! Nimekwisha waita majirani."

"Baba, ile miche uliipanda wapi?"

"Katikati ya shamba, ilelewe na wakubwa. Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Wazuie majirani. Asiingie mtu, na jembe lisitoke."

Alikwenda pamoja na Babu Tanuri, akamweleza yote njiani. Mzee alisikiliza hadi mwisho, asimkemee.

Michungwa thelathini na miwili ilisimama imevaa nyeupe kama mabibi arusi, nyuki wakivuma. Baba yake alikuwa amevaa shati la kutokea. Miti hiyo alikuwa ameipanda mwaka aliofiwa na mkewe, mmoja mmoja, na hakuwa na kazi nyingine wala sahibu mwingine. Binti alipiga magoti, akachota udongo shinani, akausaga vidoleni. Chini ya marashi ya maua ilikuwamo harufu ya tango.

Angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimjia, wala halikuondoka kwa haraka. Chini ya shamba palipita mfereji, na ng'ambo yake mashamba ya watu, safu kwa safu, hadi macho yalipokoma.

"Itakufa yote, baba. Na ikingojwa, itaua na ya wenzako."

"Hakuna dawa?"

"Haina hata jina. Dawa itoke wapi?"

Baba alilishika tawi, akalitazama ua.

"Nani aliileta?"

"Mimi."

"Miche niliidai mimi."

"Ulidai miche yako. Kanuni ilikuwa yangu."

Baba aliingia ndani, akavua lile shati, akatoka na msumeno.

Kwa siku tatu walikata, wakang'oa visiki, wakarundika katikati ya shamba pasitoke hata jani. Baba akatupa juu ya rundo jembe lake, lenye mpini alioupiga randa mwenyewe. Usiku wa tatu binti alimaliza maelezo ya kuvu, akaandika: *Hula mizizi iliyo hai. Imepatikana pia katika shamba la michungwa, ilikopelekwa na mwandishi wa maelezo haya.*

Asubuhi alimwaga mafuta ya taa, akavua viatu vyake, akavitupa vilevile. Babu Tanuri alifika na miwani yake usoni. Alimkaribia mzee mwenye shamba, akainama.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

Kisha akamgeukia binti, akampa kibiriti.