Jibu Lililobaki kwenye Jiwe la Mpaka

Siku waliyonunua shamba, msoma mita mstaafu alivaa viatu vyake vya kazini, na mkewe, fundi cherehani, alikuwa na pini mbili kwenye kola ya gauni alizosahau kuzitoa. Dalali alihesabu hatua kutoka jiwe la mpaka hadi kwenye mti mkavu, akasema ekari mbili ndizo hizo, bei ya kutupa. Hakuna bili ya umeme, hakuna bili ya maji, hakuna jirani wa kufungulia redio. "Utulivu mtupu, mzee wangu," alisema. Kufika barabarani, kwenye magari, mtandao wa simu na zahanati, ni saa mbili kwa miguu.

Msoma mita alikuwa amezunguka kwenye kuta za watu miaka thelathini akinakili tarakimu, na kwa kazi hiyo alitukanwa na wenye nyumba na kukimbizwa na mbwa wao. Alichotaka uzeeni ni nyumba isiyo na mita. Aliweka kiganja juu ya jiwe la mpaka, akamgeukia mkewe.

"Unaonaje, mama watoto?"

Midomo ya mkewe ilicheza. Hakusikia kitu, lakini hakushangaa, maana mwanamke yule alikuwa amezungumza nusu ya maisha yake huku ameuma pini. Dalali alikohoa, akatazama pembeni.

"Hajakataa," alisema msoma mita, akatia sahihi.

Walihamia kabla ya mvua. Paneli nne za sola juu ya bati, betri chini ya kitanda, tangi la kukinga maji nyuma ya nyumba. Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu, tusiunyime haki yake. Taa ziliwaka na hakuna aliyekuja kuzikata. "Chai tayari" ilikuwa ikifika. "Kuku wametoka" ilikuwa ikifika. Jumatatu moja mkewe alisema jikoni kwamba amewakumbuka dada zake, na kwamba cherehani bila wateja ni meza tu. Maneno hayo yalifika Jumatano saa nne asubuhi, jikoni palepale, wakati yeye mwenyewe yuko nje anawacheka kuku. Msoma mita alitoka akampa pole.

"Ya nini?" aliuliza mkewe. Alikuwa ameshamaliza kulia.

Jirani yao, mama mmoja mfuga nyuki, aliwaeleza huku akiendelea kusafisha mzinga. "Huku maneno mepesi yanafika hapo hapo. Mazito yanachelewa, kila moja na uzito wake. Sisi mtu akitaka kuposa, au kugombana, au kuaga, anashuka barabarani akayasemee huko. Dalali hakuwaambia?"

"Alisema kuna utulivu."

"Basi hakudanganya," alisema mfuga nyuki, akaulizia kama wana ndoo ya kuazima.

Wangeweza kuandikiana, kweli. Lakini nani anamwandikia barua mtu anayelala naye kitanda kimoja?

Mkewe alielewa haraka kuliko yeye. "Baba watoto, twende barabarani," alisema. "Nina neno." Hilo lilikuwa jepesi, lilifika. Mumewe alimjibu kwamba anamalizia bomba la tangi. Wiki iliyofuata mkewe alimwomba tena, na paneli zilikuwa na vumbi, na vumbi la siku moja ni giza la jioni yake. Mara ya tatu betri ilikuwa imekufa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi za mikono, na kazi za mikono haziishi kwa mtu aliyeamua kuwa shirika lake mwenyewe la umeme.

Mkewe alifariki siku ya Alhamisi kabla ya adhuhuri. Msoma mita alikuwa juu ya bati akifunga mfereji wa kupeleka maji kwenye tangi. Alimwona mlangoni akichezesha midomo, akampungia mkono, akaendelea na misumari.

Walimzika upande wa pili wa tangi. Siku ya nne, wakati anafagia jikoni, maneno yalifika: "Kifua kinaniuma tangu juzi. Nishushe barabarani." Aliuweka chini ufagio. Siku ya kumi, akiwa juu ya ngazi, alisikia mlangoni: "Njoo." Siku nyingine neno hilo lisingekuwa na uzito wa unyoya. Alishuka ngazi haraka, akasimama mlangoni.

"Nimekuja," alisema, na hakuisikia sauti yake mwenyewe. Aliisikia baada ya siku tisa.

Binti yake alimwita barabarani, mahali ambapo maneno yanafika, akamwambia, "Baba, rudi mjini. Chumba kipo." Alikataa. Hakumwambia sababu, lakini ilikuwa moja tu. Alikumbuka kwamba siku ile kwenye jiwe la mpaka mkewe alijibu, na jibu lile halijafika mpaka leo. Kama alisema hapana, basi yeye ndiye aliyemleta kufa huku kwa ubishi wake. Aliogopa kulisikia na aliogopa zaidi kuondoka kabla halijafika. Kila alasiri alichukua kigoda akaenda kukaa karibu na jiwe. Alikaa hivyo mwaka mzima na miezi kadhaa.

Alasiri moja dalali alikuja na mwalimu aliyevaa kofia, pamoja na mke wa mwalimu huyo, muuguzi. Dalali alihesabu hatua za ekari mbili za upande wa pili, na jiwe la mpaka likawa la pamoja. Alitaja bei ya kutupa. Alitaja utulivu.

"Unaonaje, mama?" mwalimu alimuuliza mkewe.

Midomo ya muuguzi ilicheza, ikacheza tena.

Msoma mita alisimama, akapaza sauti kwa nguvu zote za kifua chake: amuulize tena mkewe, amshushe kwanza barabarani akamuulizie huko, yeye wake amemzika pale nyuma ya tangi. Waliona mzee akifungua mdomo. Mwalimu alimpungia mkono kwa heshima.

Hapo ndipo, juu ya jiwe, jibu lilipofika.

"Sawa," lilisema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyeuma pini. Aliyaacha maduka, dada zake na wateja wake wote ndani ya neno lile moja, ndiyo maana lilichukua muda wote ule. Msoma mita alilia papo hapo, mbele za watu, bila kujifunika uso.

"Umeona?" mwalimu alimwambia dalali. "Amekubali." Akatia sahihi.

Muuguzi aligeuka huku na huku akimtafuta aliyesema. Kisha alimshika mumewe mkono wa shati, midomo ikacheza kwa mara ya tatu. Dalali alikohoa, akawatangulia kuteremka njia ya kurudi barabarani.

Jua lilikuwa bado kali na paneli zilikuwa na vumbi. Msoma mita hakwenda kuzifuta. Alikivuta kigoda karibu na jiwe, akakaa kulisubiri neno la muuguzi, lisije likafika likakosa mtu.