Mabawa ya Mtuli

Mwalimu Selestina alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kosa akaliacha. Kanisani aliwasahihisha wanakwaya kwa sauti ya chini, sokoni alisahihisha vibao vya bei. Hata siku ile ya Operesheni ya kuhamia vijijini, malori yalipowashusha watu wa vilimani katika kijiji kipya huku chini upande wa Tindiga, vilio na kuku na magodoro vimechanganyika, yeye alisimama kando akisahihisha orodha ya waliohamishwa, maana karani alikuwa amemwandika mtu mmoja mara mbili.

Ugonjwa huohuo ndio uliomfanya mwalimu wa sayansi asiyesahaulika. Mwaka wa pili wa kijiji, darasa la saba walipochoka kukariri sehemu za mwili wa ndege, alifuta ubao wote. "Haya, isahauni dunia hii," akasema. "Iko dunia nyingine, mbali kuliko jua. Upepo wake haukomi mchana wala usiku, na mvua hunyesha mara moja kila miaka saba. Niambieni, ndege wa huko wangekuwaje?"

Loh, darasa likachangamka! Mmoja alileta ndege anayemeza mawe ili asipeperushwe. Mwingine akaleta kigingi, ndege mwenye kucha moja ndefu ambayo huichomeka ardhini kabla ya kulala. Paulo, mpenda mapambo, alichora ndege mwenye mikia mitatu, naye Selestina akamrudishia papo hapo. "Mikia hii ina kazi gani? Kwa upepo ule itamvunja mgongo. Kiungo kisicho na kazi hakidumu, Paulo. Asiyefanya kazi na asile, si ndivyo tunavyoambiwa? Basi hata mwilini ni hivyohivyo."

Yunis alileta ndege aliyemwita mtuli. Huyu Yunis alikuwa binti mkimya ambaye wazazi wake walishushwa na malori kutoka upande wa Mikumi, wakaacha nyumba yenye milango. Katika dunia ile ya upepo, alieleza, kuna bonde moja lililozungukwa na magenge marefu ya mawe. Dhoruba kubwa iliwakusanya ndege wa kila aina ikawatupa humo. Mbegu huanguka kutoka juu kila siku, na hakuna anayehitaji kuruka. Alikuwa amemchora mnene, miguu mifupi, na mabawa mawili makubwa, kila unyoya na mstari wake.

"Mabawa haya ya nini?" Selestina aliuliza.

"Wakae nayo tu, mwalimu. Pengine siku moja watataka kurudi."

"Ndege hawaweki akiba ya viungo. Wamekaa humo vizazi vingapi?"

"Elfu moja."

"Basi fikiri."

Yunis alifikiri siku mbili. Aliporudisha karatasi mabawa yalikuwa yamefutwa, vimebaki vinundu viwili kama punje za kunde, na nyuma yake doa la kijivu pale kifutio kilipopita. Chini aliandika: *Waliletwa wote bondeni wakapata kila kitu. Baada ya vizazi vingi mabawa yakaisha.* Selestina alifurahi mpaka akacheka peke yake. Akaandika kumi kwa wino mwekundu na kuibandika karatasi ukutani pamoja na za wenzake.

Mwaka ule shule ilikuwa na nafasi moja tu ya msichana kwenda sekondari, na kijiji kizima kilijua ni ya Yunis. Fomu yake ilingoja alama ya sayansi na maoni ya mwalimu. Ilikuwa iondoke Jumamosi.

Alhamisi akaja Bwana Mwinshehe, katibu wa tawi la chama, kukagua darasa, kwa kuwa mgeni wa wilaya alitarajiwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mgeni. Alisoma ndege mmoja mmoja, akamcheka kigingi mpaka akakohoa. Alipofika kwa mtuli akasimama. Akasoma mara mbili.

"Mwalimu, hawa ni ndege?"

"Ndege, Bwana Katibu. Wa kubuni."

"Waliletwa wote bondeni. Mabawa yakaisha." Akatazama nje, kwenye nyumba za kijiji zilizopangwa mistari. "Na wewe umetoa kumi."

Ndipo Selestina alipoona. Kweli tupu, hakuwa amewaza hilo hata mara moja. Aliona mdomo, mbegu na upepo, malori hakuyaona. Lakini Yunis? Akakumbuka yale maneno: pengine siku moja watataka kurudi.

Mwalimu Mkuu Oswald alifunga mlango wa ofisi. "Mambo ni mawili," alisema. "Ama wewe ndiye uliyemfundisha, na suala liende wilayani. Utahamishiwa mahali ambapo barua inachukua miezi miwili, na mama yako pale Mabwerebwere hawezi hata kujigeuza kitandani. Au mtoto hakuelewa swali. Watoto hukosea kila siku, hakuna kesi." Akamsogezea karatasi ya Yunis na kalamu nyekundu.

"Na nafasi yake?"

"Marselina yupo. Naye ni mtoto wa watu."

"Lakini jibu ni sahihi, mwalimu."

"Nani amekuuliza kama ni sahihi?"

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo ya kutia aibu. Katika ile kumi aliikata moja, ikabaki sifuri. Pembeni akaandika: *Hakuelewa swali.* Maneno hayohayo akayaandika kwenye fomu. Siku ile alirudi kwake kwa njia ya nyuma ya mashamba, asipite nyumbani kwa akina Yunis. Alijichukia, na bado alipika, akala.

Mgeni alikuja akaondoka. Jina la Marselina likasomwa mbele ya shule, Yunis akapiga makofi pamoja na wenzake.

Wiki moja kabla ya kufunga shule, mchana, Yunis aliingia darasani Selestina akiwa peke yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Yunis."

"Uliandika kwamba sikuelewa swali. Nimelifikiria upya. Naomba unisahihishie, hata kama haitapelekwa popote."

Akaweka karatasi mezani; alikuwa mtuli tena. Bonde lilelile, mbegu zilezile, vizazi elfu moja vilevile; na mabawa makubwa yamerudi, kila unyoya na mstari wake. Selestina aliikagua unyoya kwa unyoya. Yalihitajika maneno machache tu: yule asiye na mabawa ndiye sahihi. Akafungua kinywa. Mwalimu Oswald akakohoa barazani. Mtoto atamwambia baba yake, Selestina aliwaza, na baba atasema kilabuni. Akachukua kalamu nyekundu. Akaweka alama ya vema, kubwa, na kumi pembeni.

"Umepatia," akasema. "Sasa umeelewa."

Yunis aliitazama ile kumi, hakutabasamu.

"Huyu hawezi kuwepo, mwalimu," alisema kwa adabu ileile ya siku zote. "Mabawa yake hayana kazi. Nimemchora na kosa makusudi, nione kama utaliacha."

Akapokea karatasi yake kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo kama alivyofunzwa kwao, akatoka.