Chupa Nane za Damu

Mimi ndiye mtu wa takwimu wa hospitali yetu, na kabla hujaniuliza, ndiyo, ni mimi niliyesema friji la damu litolewe kila kitu. Waliotaka kunisema wamekwisha kunisema. Sasa niacheni na mimi niseme.

Mwaka wa nyuma, kwenye kikao cha ripoti, tulisomwa mbele ya hospitali zote kwamba tumeacha chupa thelathini na moja za damu ziishe muda kwenye friji. Tunaziita chupa kwa mazoea tu, ni mifuko ya plastiki. Ukumbi mzima uliguna. Mganga mkuu wetu alikaa kainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni, na mimi pembeni yake nilitamani ardhi inimeze. Nikaapa palepale. Mwaka unaofuata, kwenye safu ya damu iliyoharibika, nitaandika sifuri.

Mengine yote yalinyooka. Akina mama waliojifungulia kwetu walipanda kutoka elfu moja na mia moja hadi elfu moja na mia sita. Foleni ya wagonjwa wa nje ilipungua. Kwenye sehemu ya changamoto, neno tunalolikimbilia tukiogopa kusema shida, niliandika kwamba gari la wagonjwa ni moja, dawa hukatika kila mwezi wiki ya tatu, na wakunga sita wanafanya kazi ya watu kumi na wawili. Likabaki friji. Siku moja kabla ya kikao cha mwaka huu, ambacho safari hii kilifanyika kwetu, lilikuwa na chupa nane, na zote zilikuwa zinaisha muda siku ileile ya kikao, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya mwaka wetu wa kazi. Zikiishia kwetu, zinaingia kwenye ripoti.

Nikamfuata mtu wa maabara, yule tunayemwita Darubini kwa ajili ya miwani yake.

"Zipeleke hospitali ya rufaa leo hii. Wao wana wagonjwa kibao, watazitumia."

"Dada, friji litabaki tupu. Damu mpya inakuja kesho kutwa."

"Siku mbili tu hizo! Nani atavuja damu kwa siku mbili, wewe?"

Nani wa kubishana na mimi nikishaamua? Fomu ya kuhamisha damu nikaijaza mwenyewe, nikatia sahihi, na saa kumi jioni dereva akaondoka na boksi.

Kesho yake saa tatu asubuhi wifi yangu akajifungua mtoto wa kike. Huyu ni mke wa mdogo wangu, na ana mdomo, jamani, mwacheni. Alipoingia na uchungu wake alipita mlangoni kwangu akapaza sauti korido nzima isikie, "Shangazi mtu, acha kuhesabu watu, njoo ushike begi!" Nikamjibu abebe mwenyewe, kwani mimba ni ya nani? Miaka sita tunaishi hivyo, kila siku maneno. Nampenda sana yule mwanamke, na sikuwahi kumwambia.

Saa tatu na nusu nilikuwa ukumbini nagawa nakala za ripoti kwenye viti. Mkunga akaja anatembea haraka. Wakunga hawakimbii mbele za watu, ila ukimwona mkunga anatembea vile, ujue kuna jambo.

"Wifi yako anatoka damu. Kondo la nyuma limetoka lote, dawa ya kukaza kizazi nimempa mara mbili, daktari bado anamkanda tumbo. Haikati. Nataka chupa mbili za kundi O, sasa hivi."

"Friji halina kitu."

"Halina kitu kivipi? Juzi nimeona nane kwa macho yangu!"

Nikapiga simu hospitali ya rufaa. Mama mmoja akapokea, na sauti yake ilikuwa tulivu kama anaulizwa bei ya nyanya.

"Zile za jana? Hatukuzipokea. Nasi tunafunga mwaka leo, dada. Tuziingize ili ziharibikie kwetu? Dereva wenu tulimrudisha nazo."

Nilitoka mbio. Mimi si mtu wa mbio, nina magoti mabovu, lakini siku ile nilikimbia. Dereva alikuwa uani anaosha gari, kakunja suruali mpaka magotini.

"Boksi la damu liko wapi?"

"Si hili hapa nyuma? Jana nilirudi nikakuta maabara wameshafunga. Leo nilitaka kumpelekea Darubini, nikaambiwa nioshe gari kwanza, wageni wanakuja."

Darubini akafika anahema. Akafungua boksi, akashika chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Barafu ilikuwa imeshakuwa maji. Akavua miwani.

"Zimepata joto. Nikimwekea hii namuua."

"Hata moja?"

"Hata moja, dada. Zingekaa kwenye friji zingefaa mpaka leo usiku."

Mkunga alikuwa amenifuata, na nikamuuliza kama tumpakie wifi tumkimbize rufaa. Akanitazama kama mtu asiyenijua. "Saa moja na nusu njiani? Hafiki."

Basi kilichobaki ni watu. Na watu wote wenye afya zao, karibu themanini, walikuwa wamekaa ukumbini.

Nilipoingia, mganga mkuu alikuwa amesimama na kipaza sauti, anasoma maneno niliyomwandikia mimi. "Na kwa upande wa damu, ndugu mgeni rasmi, mwaka huu hatukupoteza hata chupa moja." Makofi yakapigwa. Nikapita katikati ya viti mpaka mbele.

"Si kweli," nikasema.

Akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Umepata wazimu? Wageni wanatoka sasa hivi. Nipe dakika kumi."

"Yeye hana dakika kumi."

"Dada, kaa chini. Nakuomba."

Nikamnyang'anya. Ndiyo, nilimnyang'anya mganga mkuu kipaza sauti mbele ya mgeni rasmi, na ningefanya hivyo tena.

"Tumepoteza chupa nane," nikawaambia. "Ziko hapo nje kwenye gari. Nimeziharibu mimi, ili tupate hiyo sifuri mliyoipigia makofi. Sasa kuna mama anatoka damu wodini na friji ni tupu. Mwenye kundi O, na asiyejua kundi lake, ainuke twende maabara."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha mama mmoja aliyekuja na wageni, yule aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, akafunga daftari lake akainuka. Mlinzi wa geti naye akainuka. Wakafuata wengine watano, sita. Nyuma yangu nikasikia karatasi zinawekwa mezani.

"Mimi ni O," akasema mganga mkuu, na alikuwa tayari anakunja mkono wa shati.

Lakini damu ya mtu haitoki mkononi ikaingia kwa mwingine hivihivi. Lazima ipimwe, na vipimo havitaki haraka zako. Darubini alipanga vijitubu vyake, akawasha saa ya kengele, akatukataza kumsemesha. Wawili wakakataliwa. Nilisimama koridoni nikiangalia mlango wa wodi, na mdogo wangu alikuwa pale, kashika beseni jipya ambalo hakuna aliyemwambia aliweke chini.

"Dada," akasema, "mimi nilitaka kumpeleka rufaa. Wewe ndiye uliyeniambia hapa kuna kila kitu."

Nikalichukua lile beseni mikononi mwake nikaliweka chini.

Mkunga akatoa kichwa. "Presha sitini, ya chini siisikii tena. Damu iko wapi?"

"Inakuja."

"Inakuja lini?"

Ikaja. Chupa ya kwanza niliibeba mwenyewe, na bado ilikuwa na joto la mlinzi wa geti. Ikafuata ya yule mama wa daftari, kisha ya mganga mkuu. Kwenye ya tatu, daktari aliyekuwa bado anamkanda tumbo akainua uso akasema damu imepungua kutoka. Kwenye ya nne akasema imekata. Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti, na sikujali nani ananiona.

Saa nane mchana wifi alifumbua macho. Midomo ilikuwa myeupe. Mdogo wangu alikuwa ametoka kwenda kuwapigia simu wakwe zake, na mtoto alikuwa kwenye kitanda chake kidogo pembeni.

"Mkunga anasema damu ilikuwepo juzi," wifi akasema taratibu.

"Ilikuwepo."

"Ikaenda wapi?"

Ningeweza kumwambia alale kwanza, tutaongea akipata nguvu. Nikamwambia. "Niliitoa mimi. Nilitaka ripoti isomeke vizuri. Nisamehe, wifi."

Nikangoja mdomo wake. Niliomba anitukane, anitukane mpaka wodi nzima ijae, maana ningejua tumerudi kuwa sisi. Akageuza uso upande wa mtoto. Mtoto akaanza kulia, nikanyoosha mikono nimchukue, maana ni mtoto wetu na mimi ndiye shangazi yake.

"Usimbebe."

"Wifi, analia."

"Mwache alie. Nitambeba mwenyewe."

Hata mkono hakuweza kuuinua. Nikairudisha mikono yangu, na tukabaki hivyo, yeye amelala na mimi nimesimama, tunamsikiliza mtoto akilia mpaka mkunga alipokuja.