Kofia Pana ya Cliff

Klabu ya ndondi ya kocha Nyamhanga pale Migori ilikuwa na kofia moja tu ya kukinga kichwa, ya mitumba, pana ajabu. Kwa bahati Cliff, bondia wake hodari kuliko wote, alifuga nywele nyingi kama vijana wengine wa miaka ya tisini, nazo ndizo zilizoijaza kofia ikatulia. Nyamhanga alizoea kutamba kwamba nywele zile ni mali ya klabu.

Basi babake Cliff akafariki wiki ileile ya pigano la Homa Bay, ambalo mshindi wake angeajiriwa katika timu ya askari jela. Nyamhanga alifunga safari hadi kwao Rangwe. Alikuta mazishi yamekwisha na wembe uko tayari, maana kwa desturi yao watoto wa marehemu hunyolewa.

"Ngoja hadi Jumapili," alimsihi Cliff. "Bila nywele hiyo kofia itazunguka, upigwe kama huoni."

"Kocha, mimi ndiye mkubwa. Wembe haunipiti ukaenda kwa wadogo zangu. Sasa nyumba nzima ikae ikingoja ndondi yangu?"

Akainamisha kichwa, akanyolewa kipara. Nyamhanga alikasirika hadi akakataa chai ya matanga, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea.

Jumamosi, huko Homa Bay, refa alikataa katakata kofia ijazwe kitambaa ili itulie. Raundi ya kwanza ilikuwa haijafika mbali. Osoro, bondia wa Rongo, alimchapa Cliff ngumi ya pembeni, kofia ikageuka na kumziba jicho. Akaizungusha kwa glavu, ikageuka tena. Watu walicheka. Nyamhanga hakucheka. Alikuwa ameshika taulo, na kuirusha ulingoni kungemwokoa kijana na kumnyima kazi.

"Unaumia?" alimuuliza kwenye kona.

"Hata kidogo."

Raundi ya pili Cliff aliacha kabisa kukimbia. Aliinamisha kidevu, akaibana kofia kwa mkono mmoja, kisha akamsogelea Osoro hadi kifuani, mahali ambapo mtu hahitaji macho ili apige. Kila kofia ilipomziba, ndivyo alivyozidi kusonga mbele. Nyamhanga, aliyefundisha ndondi ujana wake wote, hakuwahi kumfundisha mtu jambo lile, wala hakujua kama linafundishika. Vicheko vikakoma. Mwisho wa raundi ya tatu refa aliinua mkono wa Cliff, na Osoro mwenyewe akamkumbatia.

Kwenye kona Nyamhanga alimvua kofia huku akiimba. Wimbo ukamfia mdomoni. Ngozi iliyonyolewa majuzi ilikuwa imechunwa na ile ngozi ngumu ya kofia, kuanzia paji hadi kisogoni, na damu ilikuwa ikitiririka nyuma ya masikio.

"Na nilikuuliza," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungerusha taulo, kocha."

Angeirusha kweli. Alianza kumfuta damu kwa taulo ileile, polepole, machozi yakimtoka mbele za watu wala asione haya.