Jina Asilolitaja Dorothy

Dorothy aliyaona mashimo kabla hajamwona mwenyewe. Yalikuwa matatu, madogo, kando ya mto, katikati ya mimea yake ya nduma. Nani huku Shinyalu asiyejua kwamba watafutaji wa dhahabu huanza na vishimo? Baadaye huja vigingi, na baada ya vigingi unaambiwa uhame.

Mwenye mashimo alikuwa hatua chache mbele, mwanamume wa kofia pana, ameinamia kamera iliyosimama juu ya miguu mitatu ya chuma. Kwa hiyo vilikuwa vishimo vya kamera. Shaka ikazidi, maana ni nani mwenye akili zake anayetoka kwao kuja kupiga picha maji?

"Habari ya asubuhi, mama. Naitwa Maina. Nazunguka nchi nikipiga picha mito na kuuliza ilipata wapi majina."

"Na ukishajua?"

"Naweka kwa kitabu."

"Kitabu! Hata wale wa dhahabu walisemanga ni wanafunzi."

Maina akacheka. Dorothy hakucheka.

"Basi niambie tu, huu unaitwaje?"

Hapo Dorothy akakwama. Jina alilijua vizuri. Lilikuwa la baba mkwe wake, marehemu, aliyefukua chemchemi kwa jembe mpaka maji yakashika njia. Lakini mke wa boma lile hamtaji baba mkwe wake kwa jina, awe hai awe kaburini. Tangu aolewe alisema "mtoni", au "kwa babu ya watoto", na mambo yakaenda.

"Hilo jina mimi sisemangi," akajibu.

Maina akamtazama kwa jicho la pembeni. Mtu analima kando ya mto, halafu analificha jina lake! Sasa walikuwa wanashukiana wote wawili.

"Panda pale juu kwa shemeji yangu, Were. Yeye ni mwana wa boma, anaruhusiwa kulitaja."

Alifurahi kumwondoa. Akayafukia yale mashimo kwa kisigino, akakagua nduma zake mstari kwa mstari, asije akawa ameachiwa alama. Kwa Were hakuwa na wasiwasi. Ni kweli, tangu Osiako, mumewe, afariki, Were alikuwa akigusiagusia kwamba bustani ya mtoni ni ya nyumba ya mama yake, Chemutai, mke wa pili wa mzee. Lakini hayo aliyasema akilewa, na pombe ikimtoka alikuja kuomba nduma. Bila bustani ile Dorothy angekula nini? Huko juu kwenye nyumba yake ni mawe matupu.

Kabla ya saa sita walishuka wote wawili, Were mbele, amevaa koti la kanisani siku ya Jumatano. Koti lile Dorothy hakulipenda.

"Mama, nimepata!" Maina akamgeuzia kioo cha kamera. Were alikuwa mle ndani, akinena kama anayesoma matangazo ya ibada: "Huu mto unaitwa Chemutai. Mama yangu ndiye alichotanga maji hapa wa kwanza. Hata hii bustani ni ya nyumba yetu."

 Asubuhi nzima amemshuku mgeni, kumbe mwizi ni huyu aliyekula nduma zake juzi tu! Kitabuni jina hilo likishaingia, nani atabisha? Wazee waliomwona mzee akichimba walikuwa wamebaki wachache, na Were alikuwa na mdomo. Hapo alipokuwa alitazama maji, ametulia tuli. Alijua kabisa shemeji yake hawezi kulitaja lile jina.

"Maina, washa hiyo mashine."

Maina akaiwasha.

"Mimi ni Dorothy, mke wa Osiako." Aibu ilimshika kama amevuliwa nguo sokoni. "Huu mto unaitwa Shikanga. Shikanga ndiye alichimba, na Shikanga ndiye alimpa Osiako hii bustani."

"Shemeji!" Were akaruka. "Unamtaja baba?"

"Nimemtaja, na Mungu anisamehe. Wewe ni mtoto wake, hukukatazwa. Haya, simama hapa. Mtaje baba yako, useme hakuchimba, naye anakusikia kaburini."

Maina akamgeuzia kamera. Were akafungua mdomo, akakohoa, akaliweka koti lake sawa. Jina halikutoka.