Mkataba wa Tolliver na Kiti cha Lorraine

"Apewe mkono wa kwaheri," Duane alisema, mdomo umejaa soseji. "Tumemshukuru, tumempigia makofi, sasa aende zake. Mlinzi wa miaka thelathini na mbili, goti limeshapasuliwa mara mbili, unamwongezea mkataba wa nini?"

Lorraine Pruchnik alikuwa nyuma ya jiko la mkaa, koleo mkononi, theluji ikimtua kwenye kofia ya sufu. Duane alikuwa mtoto wa kaka yake, na hiyo soseji aliyokuwa anaitafuna pamoja na maneno yake kaichoma yeye shangazi. Ebo! Mtu anakula kwako, na hapo hapo anakutia kidole cha jicho.

"Meza kwanza," alimwambia. "Halafu rudia upuuzi wako nikusikie vizuri."

Ilikuwa Jumapili ya mechi ya mwisho ya nyumbani, mpira wa Kimarekani, Buffalo, saa nne asubuhi, na maegesho ya uwanja yalishajaa moshi wa nyama na harufu ya bia iliyomwagika. Baridi ya ziwani ilikuwa inakata masikio na hakuna aliyeijali. Mechi yenyewe ilikuwa bado saa tatu nzima, na saa hizo kazi yake ni kubishana. Mwaka ule ubishi ulikuwa mmoja tu, gari hadi gari: walinzi wawili mikataba inaisha, ligi imeweka kikomo cha mishahara, kwa hiyo atakayeongezewa ni mmoja. Percy Tolliver, mkongwe wa katikati, au Jaden Brisco, kijana wa pembeni, yule anayewakimbiza warusha mpira, akishawabwaga anakata mauno mbele yao.

Karibu kila mtu alikuwa wa Brisco. Lorraine alikuwa wa Tolliver, na kadiri walivyozidi kuwa wengi upande wa pili ndivyo naye alivyozidi kukaza.

"Hebu niambieni," alisema, akigeuza soseji kwa hasira mpaka moja ikaanguka kwenye makaa. "Huyo Brisco wenu anapomfikia mrusha mpira, yale majitu mawili ya katikati yanayomkinga yanakuwa yameshikwa na nani? Na mimi?"

Trevor, anayefanya kazi na Duane, kijana mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula, alishatoa simu. "Mama Lorraine, takwimu hizi hapa. Tolliver msimu mzima kaangusha warusha mpira watatu. Brisco kumi na wanne."

"Ng'ombe akikamuliwa, anayemshika pembe anaonekana na maziwa?"

Mzee Cleon Battle alicheka mpaka akalowesha koti kwa kahawa. Alikuwa dereva wa basi mstaafu, rafiki wa marehemu Stan, mume wa Lorraine, na tangu ujana wao wote watatu walikuwa wakikaa mstari mmoja kule ghorofa ya juu ya uwanja. "Umewapata, shemeji," alisema. "Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

"Mzee Cleon, methali hazikabi mtu," Duane alisema. "Hii ni biashara. Humlipi mtu kwa aliyoyafanya jana, unamlipa kwa atakayoyafanya kesho. Na mkongwe unamwacha mapema, kwa heshima zote, kabla hajawa mzigo. Ukimwonea huruma unaumia wewe."

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Kila mtu anajua hayo, shangazi."

"Mimi sijui."

"Kweli tupu," Trevor akadakia, kwa uchangamfu wa mtu aliyeshakunywa bia kabla ya chai. "Tena mwakani nikishakaa pale juu, katikati ya Duane na mzee Cleon, sitaki kumwona Tolliver anasukumwa kama kabati bovu. Nitakuwa..."

Duane alikuwa amemkazia macho, lakini maji yalishamwagika.

Lorraine aliweka koleo chini. Katikati ya Duane na Cleon kulikuwa na kiti kimoja tu, na kiti hicho kilikuwa chake.

"Nani atakaa wapi mwakani?" aliuliza.

Gari la jirani lilikuwa linapiga muziki, na Lorraine akamfokea mwenyewe aupunguze, naye akaupunguza.

"Shangazi," Duane alianza, na sauti yake ikawa laini, ile ya watu wanaoongea na wagonjwa. "Tulitaka kukwambia baada ya Krismasi. Unajua mwenyewe hali ya nyonga. Zile ngazi za juu, na barafu hii... Tumeona upumzike. Nitakununulia televisheni kubwa, ya ukuta mzima. Utaona kila kitu vizuri kuliko pale. Na soseji tutakuja kuchomea kwako, uani."

"Tumeona," Lorraine alisema. "Nani, nyinyi na nani?"

"Mimi na Trevor."

"Cleon, ulijua?"

"Ndiyo nasikia leo, shemeji. Haki ya Mungu."

Alipopasuliwa nyonga, Lorraine alimkabidhi Duane mambo ya tiketi za msimu, kwa kuwa siku hizi kila kitu kimehamia kwenye simu na yeye simu ni ya kupokea na kukata. Hela alikuwa anampa kila mwaka kabla hajaombwa. Viti vyote vitatu vikaandikwa kwa Duane, na hakuna aliyeliona hilo kuwa neno, ndugu kwa ndugu. Kuthibitisha nani anabaki na nani anatoka mwisho ulikuwa kesho yake, Jumatatu.

"Televisheni!" alisema Lorraine. "Duane, mimi televisheni ninayo. Tangu Stan afe naongea nayo Jumatatu mpaka Jumamosi, na haijawahi kunijibu. Jumapili moja moja napanda kule juu, napiga kelele na watu elfu sabini wanapiga na mimi. Halafu wewe unaniambia nipumzike. Nipumzike nini, nimechoka kwani?"

"Shangazi, usilichukulie hivyo."

"Nilichukulie vipi? Fadhila ya punda mateke, lakini punda angalau hapangi na rafiki yake kwanza."

Alifunika jiko, akavua aproni, akachukua mkoba. Soseji zilizobaki aliziacha ziungue.

Ngazi alizipanda mwenyewe. Cleon alimpa mkono, akausukuma. Duane alimfuata nyuma kama mtu anayesindikiza sanduku la vyombo, naye akamwambia akae mbali, anamzibia hewa. Watu walijazana nyuma yao, wengine wakinung'unika. Katikati alisimama akashika chuma, akapumua. Msichana mmoja aliyepaka uso rangi akamuuliza kama anahitaji msaada. "Nahitaji hawa watu wangu wakome," Lorraine akamjibu, na akaendelea. Alifika, akalifuta theluji tandiko la kiti kwa mkono wake, akakaa. Kulia Cleon, kushoto Duane. Trevor alikuwa kanunua tiketi ya siku ile, mstari wa nyuma yao, na ndevu zake zote zilikuwa zimeingia ndani ya kola kwa aibu.

Mechi ilianza vibaya. Wageni kutoka Cleveland walikuwa wanasogea hatua kwa hatua, hawana haraka. Walipofika jaribio la tatu, lile ambalo wakishindwa kwa kawaida wanauachia mpira, Lorraine alisimama. Pale ndipo jukwaa linapofanya kazi: timu yako ikiwa na mpira unanyamaza ili wasikizane, mgeni akiwa nao unapiga kelele mpaka mrusha mpira wao asisikie hata mawazo yake.

"Amkeni!" aliwageukia watu wa jukwaa lile. "Mmekuja ibadani? Wekeni simu chini! Jaribio la tatu hili!"

Na wakaamka. Kila mwaka wanaamka, kwa sababu sauti ya mwanamke yule ukiikaidi inakufuata mpaka chooni. Mabati ya viti yaligongwa, miguu ikapigwa, na kule chini wageni wakababaika, wakaanza kabla ya wakati, wakaadhibiwa. Cleon akampiga shemeji yake bega. Duane naye alikuwa anapiga kelele, hakujizuia, lakini macho hayakumwangalia shangazi yake.

Hivyo hivyo mpaka mwisho. Ningependa kukwambia Tolliver aliokoa siku. Hakuokoa. Dakika za mwisho wageni walikuwa mlangoni, wamebakiwa na jaribio moja, uwanja mzima unanguruma, na Lorraine sauti imekauka imebaki mkwaruzo. Mpira ukaanzishwa. Tolliver aliwapokea wawili kifuani, akapiga goti moja chini, akarudishwa nyuma, na mchukua mpira akapenya ubavuni mwake akaingia. Kukawa kimya, kile cha nyumba iliyozimikiwa na umeme.

"Si mnaona?" alisema mtu mmoja nyuma. Hakuwa Trevor. "Kabati hilo, limekwisha."

"Nimeona!" Lorraine akamgeukia. "Nimeona vizuri kuliko wewe. Alishika wawili. Wa tatu alikuwa wa Brisco, na Brisco alikuwa keshakimbilia pembeni kutafuta sifa. Kaangalie tena, halafu uje kuniambia."

Yule mtu aliinua mikono, akachukua kofia yake, akaondoka. Walianza kuondoka wote. Mbu wa Juni hatawanyiki haraka kama mashabiki waliofungwa. Duane alisimama, akapigapiga miguu kuipasha moto.

"Twende, shangazi. Barabara zitajaa."

"Nenda."

"Twende wote."

"Mimi kiti changu kinaisha kesho, si ndivyo? Basi leo nakikalia."

Duane alidhani ni utani. Alisubiri. Jukwaa likazidi kuwa tupu, upepo ukaanza kuviringisha vikombe, na jua, kama lilikuwepo, likaingia nyuma ya mawingu ya ziwani. Cleon, ambaye alikuwa ameshasimama, aliketi tena taratibu, akafunga zipu mpaka kidevuni.

"Mzee Cleon, na wewe?"

"Mimi niko na shemeji," Cleon alisema.

Mhudumu mmoja mwenye koti la njano akapanda kuja kuwaona. "Mama, tunafunga."

"Fungeni," Lorraine akamwambia. "Huyu mtoto wa kaka yangu amenitoa kwenye kiti hiki bila kuniuliza. Nasubiri anirudishe."

Mhudumu akamwangalia Duane kutoka juu mpaka chini, kwa utulivu, akasema bado ana mistari mingi ya kukagua, akaenda kukagua mistari mingi.

"Mwaka jana ulianguka!" Duane alipandisha sauti, na safari hii sauti haikuwa ya wagonjwa. "Ulianguka kwenye ngazi hizi hizi. Mimi ndiye niliyekuokota. Unajua nilivyoogopa? Unajua nililala vipi siku ile? Unadhani nakufukuza? Sitaki kuja kukuzika kwa ajili ya mpira!"

Lorraine alimtazama. Kijana alikuwa na machozi, au ni baridi.

"Niliinuka, sikuinuka?"

"Uliinuka."

"Na jaribio lililofuata nilipiga kelele?"

"Ulipiga."

"Basi. Duane, najua unanipenda, sina shaka na hilo. Lakini hukuniuliza. Hata Tolliver, na magoti yake, wenye timu watamwita mezani, watamwambia usoni: bwana, tunakuongezea au hatukuongezei. Atasema lake. Mimi mmenipangia nyuma ya mgongo, mkila soseji zangu. Siku nitakayoshindwa kufika hapa nitasema mwenyewe. Nina mdomo. Nani hajausikia?"



Trevor, ambaye alikuwa bado mstari wa nyuma akitafuta pa kujificha, alikohoa. "Duane, mwandikie kiti chake. Mimi hapa nyuma pananitosha. Tena bora nyuma, mbele yake mtu unapasuka masikio."

Duane akavua glavu kwa meno. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi avipulizie ndipo simu imtii. Alibonyeza, akakosea, akarudia.

"Tayari," alisema.

"Soma."

"Shangazi, tayari, nimeshalipa."

"Soma jina."

"Lorraine Pruchnik," Duane akasoma. "Kiti hiki hiki. Kwa jina lako, si langu."

"Haya," alisema Lorraine. Akakaa kidogo tena, kama mtu aliyemaliza kula. Kisha akashusha pumzi, akamnyooshea mkono. "Sasa nishike, na unishike kweli. Kupanda sina neno. Kushuka ndiko kunakoniua, na leo nyonga yote inawaka moto."

Duane alimshika. Cleon akachukua mkono wa pili, Trevor akatangulia mbele akikwangua barafu kwa kisigino. Walianza kushuka polepole, ngazi moja, wanasimama, ngazi nyingine, na hawajafika mbali alikuwa ameshaanza tena, kwa kile kisauti kilichobaki.

"Na Tolliver apewe miaka miwili. Miwili kamili! Nani anabisha?"