Matairi ya Dorah

Mzee Ndaki, fundi wa Nyahanga, alitoka chini ya Noah akajifuta mikono polepole mno, na Wilbard akajua hapana heri. Gari hilo la kuvuta kwa magurudumu yote manne ndilo lililobeba abiria wake kati ya Ushirombo na Kahama, na ndilo lililomtoa mkewe, Dorah, kwenye karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu. Kule alikuwa akiosha mchanga wa dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu, mpaka vidole vikaanza kutetemeka hata akishika kijiko. Gari likifa, Dorah anarudi kule. Hilo halikuhitaji kupigiwa ramli.

Ndaki akamwonyesha kaplingi, kopo la chuma linalounganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma, limebabuka kwa moto. Ndani yake, alisema, kuna sahani nyembamba zimelala kwenye mafuta mazito kama asali. Magurudumu ya nyuma yakizunguka tofauti na ya mbele, kama kwenye tope, mafuta hupata moto, yakazishika sahani, gari likavuta kote. Kwenye lami kaplingi inatakiwa ipumzike.

"Sasa wewe, ng'wanawane, nyuma umefunga mapya, mbele vipara. Kipara ni kidogo kuliko jipya, hayawezi kuzunguka sawa. Kaplingi imeshika mchana kutwa mpaka imeganda, ikapasua na gia boksi. Nani alikushauri?"

Matairi yale mawili Dorah aliyanunua kwa kibubu chake cha mwisho cha karasha, akayaleta kwa bodaboda ameyakumbatia, anacheka peke yake. Wakayafunga nyuma, kwenye mzigo, kama afanyavyo kila mwenye akili zake. Wiki zilizofuata gari likawa linagoma kwenye kona kama limeshikwa breki, na yeye, bwege, akawalaumu abiria na magunia yao ya mpunga. Angewahi, Ndaki alisema, wangevua propela shafti inayopeleka nguvu nyuma, likatembea kwa magurudumu ya mbele tu. Sasa lilikuwa chuma chakavu.

Nyumbani Dorah alisikiliza, bila kulia, kwamba gia boksi imepasuka, kisha akauliza kitu kimoja.

"Baba Nelly, si matairi yangu? Kule kugoma kwenye kona kulianza tulipoyafunga."

Wilbard akavitazama vile vidole. "Hapana. Gia boksi ilikuwa mbovu tangu tuliponunua."

Dorah akashusha pumzi, na uso ukamkunjuka hata Wilbard akatamani ardhi ipasuke immeze. Basi hawakupoteza yote, alisema. Matairi yapo, mazima. Angerudi karasha atafute mengine mawili ya mbele, ili siku gari likipona lisikose chochote.

Asubuhi alimsikia akitafuta karai lake. Neno lilimjaa kinywani: usiende. Lakini ndani hamkuwa na unga, na ukweli ungemuua mwanamke yule kabla ya zebaki. Akainuka, akamtwika karai kichwani kwa mikono yake mwenyewe.